Kupima matunda kwa sauti: Nani atashika kipimo?

NENDA soko lolote la matunda hapa nchini, iwe Mabibo jijini Dar es Salaam au genge la mtaani kwako, utaona wateja wakifanya mambo yale yale. Anayetaka parachichi hulibonyeza kwa kidole gumba. Anayetaka tikiti maji huligonga huku ametega sikio. Anayetaka embe hulinusa kwenye kikonyo.

Vipimo hivyo ni vya bure na vimetumika miaka nenda miaka rudi. Tatizo ni kwamba kinachomsaidia mnunuzi humtia hasara muuzaji. Parachichi lililobonyezwa na watu kumi tangu asubuhi, ikifika jioni limepondeka ndani ingawa ganda bado ni zima. Mteja wa kumi na moja akilipasua nyumbani na kukuta nyama nyeusi, lawama zote anamtupia mwenye genge. Utafiti uliofanywa Australia umeonesha kuwa vidole vya wateja dukani ni moja ya sababu za michubuko hiyo.

Kwa wafanyabiashara wakubwa hali ni hiyo hiyo, ila gharama yake ni kubwa zaidi. Tangu mwaka 1925, watafiti wa Marekani, Magness na Taylor, walipotangaza kifaa chao, njia iliyozoeleka ya kupima ugumu wa tunda ni kulichoma kwa chuma chenye ncha butu na kusoma nguvu iliyohitajika. Jibu linapatikana, lakini tunda lenyewe limekwisha. Kwa hiyo katika shehena ya matunda 10,000 huenda yakachomwa 20 tu, na 9,980 yaliyobaki yakauzwa kwa kudhani kwamba yanafanana na wenzao.

Ndiyo maana kwa miaka zaidi ya 30 sasa watafiti wamekuwa wakitafuta njia ya kulipima tunda bila kulitoboa wala kulibonyeza. Moja ya njia hizo ni altrasaundi, yaani sauti isiyosikika, ya ukoo mmoja na ile inayotumika hospitalini. Teknolojia hii inavutia, na haitashangaza siku moja mnunuzi akija shambani akiwa na kifaa cha namna hiyo mkononi. Lakini kabla ya kukishangilia au kukiogopa, mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kuelewa mambo mawili: kifaa hicho kinapima nini hasa, na nani atakuwa amekishika siku ya kupanga bei.

SAUTI INAVYOPITA NDANI YA TUNDA

Altrasaundi ni sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu haliwezi kukisikia. Wengi wetu tunaifahamu kutokana na vipimo vya mama wajawazito. Wafugaji nao wanaifahamu, kwa sababu hutumika kupima mimba ya ng'ombe. Katika nchi zinazofuga nguruwe kibiashara, hutumika pia kupima unene wa mafuta ya mgongo mnyama akiwa bado hai.

Mtu anaweza kudhani kwamba basi kifaa cha hospitali kikiwekwa juu ya embe kitatoa picha ya ndani. Sivyo. Nyama ya mnyama imejaa maji, na sauti hupita ndani yake bila taabu. Nyama ya tunda ina hewa. Kati ya seli na seli kuna nafasi ndogo ndogo zilizojaa hewa, na kwenye tufaha nafasi hizo hufikia karibu robo ya tunda zima. Sauti ya hospitali, yenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, ikikutana na vinafasi hivyo hutawanyika na kupotea kabla haijafika mbali.

Ufumbuzi ulikuwa kupunguza mitetemo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Amos Mizrach na wenzake katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Volcani nchini Israel walitumia sauti yenye mitetemo makumi elfu tu kwa sekunde, kiasi cha 50,000 hivi. Vichwa viwili vidogo vya kifaa hugusishwa kwenye ganda la tunda. Kimoja hutoa sauti, kingine huipokea baada ya kupita kwenye nyama. Kinachosomwa ni kiasi ambacho sauti imefifia njiani.

Walichokiona kwenye parachichi ni hiki. Tunda likiwa gumu, sauti hupita vizuri zaidi. Kadiri tunda linavyolainika siku hadi siku, ndivyo sauti inavyozidi kufifia. Kwa hiyo namba ya kufifia kwa sauti inaweza kutumika kukadiria ugumu wa nyama bila kulitoboa tunda. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa pia kwa maembe, nyanya na matufaha.

Faida yake iko wazi. Tunda lile lile linaweza kupimwa leo, kesho na keshokutwa, kisha likauzwa. Tena si lazima kupima 20 na kukisia 9,980.

Hapa ni vizuri kuitofautisha njia hii na ile ya kugonga tikiti, kwani nayo imetengenezewa mashine yake. Mashine ya kugonga hutumia sauti ya kawaida inayosikika. Tunda hugongwa kidogo, kisha kipaza sauti kinasikiliza mlio. Tunda gumu hulia kwa sauti nyembamba, lililolainika hulia kwa sauti nzito. Mashine za kugonga zimekwishaingia katika vituo vya kupanga matunda, hasa barani Ulaya. Altrasaundi kwa upande wa matunda bado iko zaidi mikononi mwa watafiti.

KUKOMAA SI KUIVA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mkulima asipolielewa atapunjwa.

Kiswahili chetu kinatofautisha mambo mawili ambayo wafanyabiashara wengi huyachanganya. Lipo tunda changa, lipo lililokomaa na lipo lililoiva. Ndizi hukomaa mgombani, kisha huvumbikwa ndipo ziive. Anayekata mkungu mchanga na kuuvumbika anaweza kupata ndizi laini, lakini ladha hataipata.

Parachichi ni hivyo hivyo, tena zaidi. Haliivi likiwa mtini. Hukomaa mtini, na huanza kulainika baada ya kuchumwa. Maana yake ni kwamba siku ya kuvuna, parachichi changa na parachichi lililokomaa yote mawili ni magumu. Ukiyapima ugumu, iwe kwa kidole, kwa chuma au kwa sauti, hutapata tofauti ya kutegemea. Tofauti hujitokeza baadaye, pengine tunda likiwa limeshavuka bahari. Lililokomaa hulainika vizuri na kuliwa. Changa hunywea, ganda hukunjamana na nyama huwa kama mpira.

Kinachoonesha ukomavu wa parachichi ni uzito mkavu, yaani uzito unaobaki nyama ya tunda ikishakaushwa maji yote. Tunda linapokomaa mafuta huongezeka na maji hupungua, kwa hiyo uzito mkavu hupanda. Kiwango cha Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya kinataka parachichi aina ya Hass liwe na uzito mkavu usiopungua asilimia 21, na Fuerte usiopungua asilimia 20. Wapo wanunuzi wanaotaka zaidi ya hapo.

Ipo teknolojia nyingine inayoweza kukadiria uzito mkavu bila kukata tunda. Hii hutumia mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni, kusoma kiasi cha maji na sukari kilichomo. Nchini Australia wakulima wa maembe wamekuwa wakitumia vifaa vya mkononi vya aina hiyo kuamua siku ya kuvuna tunda likiwa bado mtini. Bei ya kifaa kimoja ni dola elfu kadhaa.

Kwa hiyo kila kipimo kina swali lake. Sauti hujibu swali la "limelainika kiasi gani?" Mwanga wa infraredi, au kukausha kipande cha nyama, hujibu swali la "limekomaa?" Watafiti wa altrasaundi wamejaribu pia kuhusisha sauti na sukari, tindikali na mafuta ya tunda, lakini uhusiano wa kutegemewa zaidi ni ule wa sauti na ugumu. Dalali akikuambia kwamba kifaa chake cha sauti kimeonesha matunda yako ni machanga, usikubali bei ishuke kabla hajakueleza amejuaje.

Na kuna matunda ambayo swali lenyewe ni tofauti. Parachichi, embe, ndizi, papai na nyanya huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Chungwa, nanasi, zabibu na tikiti maji haziendelei. Kwa hizi za pili, kulainika si dalili ya kuiva bali ya kuchoka. Namba moja ya ugumu haiwezi kusomwa kwa maana moja kwa matunda yote.

MAHALI AMBAPO SAUTI INGESAIDIA

Je, altrasaundi haina faida kwetu? Inayo, ila ni lazima iwekwe mahali pake.

Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo etilini. Gesi hiyo huyachochea matunda ya jirani nayo yaanze kuiva. Kila mama anayevumbika ndizi au maembe analijua jambo hili hata kama halijui jina la gesi. Uvunguni mwa kitanda ni faida. Ndani ya kontena ni hasara. Parachichi moja lililoanza kulainika kabla ya kufungashwa linaweza kuwaharibia wenzake safari nzima.

Tuchukue mfano. Boksi la kilo nne la kusafirisha nje hubeba, kwa saizi moja inayotumika sana, matunda 20. Kontena la futi 40 lenye ubaridi hubeba maboksi zaidi ya 5,000, yaani matunda zaidi ya 100,000. Hakuna atakayechoma matunda 100,000 kwa chuma. Kifaa kinachopima bila kuharibu kingeweza kuyaondoa yale yaliyoanza kulainika kabla mlango wa kontena haujafungwa.

Umuhimu wake umeongezeka kutokana na hali ya usafiri. Itakumbukwa kwamba mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza Novemba 2023 yalizilazimisha meli nyingi kuacha njia ya Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ya kwenda Ulaya iliongezeka kwa takriban wiki mbili. Kwa kahawa au korosho, wiki mbili ni gharama ya mafuta na riba. Kwa parachichi, wiki mbili ni uhai wenyewe wa tunda.

Aidha, masoko yenyewe yanapanuka na kuwa ya mbali. Kenya ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya maparachichi mabichi kwenda China mwaka 2022. Tanzania nayo ilitiliana saini na China makubaliano ya kuuza maparachichi huko Novemba mwaka huo huo. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo tunda moja laini linavyokuwa na gharama kubwa.

Hata kwa mfanyabiashara wa soko la ndani, kazi ipo. Anayepokea matenga ya maembe alfajiri hulazimika kuamua haraka: yapi yauzwe leo, yapi yangoje kesho, yapi yavumilie siku tatu. Sasa hivi huamua kwa mkono na uzoefu, na kila anapobonyeza anapunguza thamani ya mali yake mwenyewe. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria mwaka 2019 kwamba duniani zaidi ya asilimia 20 ya matunda na mboga hupotea kati ya shamba na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Sehemu ya upotevu huo hutokana na kuchanganya ya leo na ya keshokutwa katika tenga moja.

KWA NINI BADO HAKIJATUFIKIA

Sababu ya kwanza ni kasi. Vichwa vya kifaa lazima viguse ganda, tena kwa mkandamizo ule ule kila mara. Mashine ya kupanga matunda kiwandani hupitisha matunda kadhaa kwa sekunde, na kugusa moja moja hakuendani na kasi hiyo. Kupitisha sauti hewani bila kugusa kunawezekana, lakini sehemu kubwa mno ya sauti hurudi ilikotoka inapokutana na ganda.

Sababu ya pili ni kwamba namba haina maana bila jedwali lake. Kifaa hakisomi neno "bivu." Kinasoma namba, na mtu lazima awe amekwishapima mamia ya matunda ya aina hiyo, kwa sauti na kwa chuma, ndipo ajue namba fulani ni sawa na ugumu gani. Jedwali la Hass si jedwali la Fuerte. Tunda lililotoka kwenye chumba cha ubaridi halisomeki sawa na lililotoka juani. Ganda lenye umande halisomeki sawa na kavu.

Kwa maana hiyo, jedwali lililotengenezwa kwa maparachichi ya Israel haliwezi kuletwa Njombe au Rungwe likatumika kama lilivyo. Lazima lijaribiwe kwa matunda ya huku, ya mwinuko wa huku na mvua ya huku. Hiyo ni kazi inayoangukia taasisi zetu, kama Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, yenye vituo Uyole na Tengeru, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kazi yenyewe haihitaji miujiza: inahitaji matunda, chuma cha kuchomea, kifaa cha sauti na misimu kadhaa ya subira.

Sababu ya tatu ni bei. Mkulima mwenye miti 50 hawezi kununua kifaa cha dola elfu kadhaa. Lakini sababu hii isitufanye tuache kujadili jambo hili, kwa sababu vifaa vya kupima vina desturi ya kumfikia mnunuzi mapema kuliko mkulima. Na hapo ndipo penye hatari.

SOMO LA LUMBESA

Wakulima wa viazi na vitunguu wanaijua lumbesa kuliko mtu yeyote. Gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipiga vita kwa miaka mingi. Hata hivyo lumbesa imedumu. Haikudumu kwa sababu mizani haipo duniani. Imedumu kwa sababu shambani, siku ya kuuza, mwenye kusema gunia limejaa ni mnunuzi.

Biashara ya matunda ya nje ina lumbesa ya aina yake. Mara nyingi mzigo huenda kwa utaratibu ambao wafanyabiashara wetu wanauita mali kauli: mali inatangulia, bei inajulikana baada ya kufika na kuuzwa. Mzigo ukifika Ulaya, hupimwa. Huko ndiko kwenye mashine za kugonga, vyuma vya kuchomea na vyumba vya kuivishia. Ripoti ikisema asilimia fulani ya matunda ni laini mno au hayaivi, fedha hukatwa. Makato hayo yana tabia ya kushuka kama maji: kutoka kwa mnunuzi wa ng'ambo hadi kwa msafirishaji, kutoka kwa msafirishaji hadi kwa wakala, na mwisho humwagikia mkulima ambaye hakuwapo na hakuona kitu.

Lakini tutazame ripoti hiyo kwa makini. Tunda lililofika laini linaweza kuwa limelainika kwa sababu lilivunwa likachelewa juani. Linaweza kuwa limelainika kwa sababu kontena lilizimika ubaridi njiani, wakati Hass huhitaji nyuzi 5 hadi 7 hivi. Linaweza kuwa limelainika kwa sababu meli ilichelewa. Mambo matatu, wahusika watatu. Kipimo kimoja cha mwisho wa safari hakiwezi kuwatofautisha. Na palipo na kipimo kimoja tu, mwenye makosa huwa ni yule asiye na karatasi.

Sasa chukua hali ambapo vipimo ni vitatu. Siku ya kuvuna, uzito mkavu umepimwa na kuandikwa. Siku ya kukabidhi mzigo, ugumu umepimwa na kuandikwa. Siku ya kufika, ugumu umepimwa tena. Ikiwa matunda yalikuwa yamekomaa yalipovunwa na magumu yalipokabidhiwa, kilichotokea baada ya hapo si cha mkulima. Ikiwa yalikuwa machanga tangu shambani, basi ni haki mkulima au dalali aliyeyachuma abebe mzigo huo.

Hii ndiyo faida kubwa ya kipimo kisichoharibu tunda, na haisemwi sana. Mkulima anaweza kupima mali yake yote mbele ya mnunuzi, bila kupoteza hata tunda moja, na wote wawili wakatia saini. Kinachokosekana kwa sasa si mashine peke yake. Kinachokosekana ni mazoea ya kupima upande wetu wa barabara.

NINI KIFANYIKE SASA

Hakuna haja ya kungoja altrasaundi ifike. Kipimo cha uzito mkavu kinaweza kufanywa leo na kikundi chochote chenye mzani mdogo unaosoma sehemu ya gramu na oveni ya maikrowevu. Chukua tunda, likate, ondoa ganda, kokwa na utando wa kokwa. Kata nyama vipande vyembamba na upime, tuseme gramu 50. Kausha kwa moto mdogo ili visiungue, ukipima tena na tena hadi uzito uache kushuka. Ikiwa zimebaki gramu 12, uzito mkavu ni asilimia 24. Ikiwa zimebaki gramu 9, ni asilimia 18, na tunda hilo lirudi kusubiri mtini na wenzake.

Usipime tunda moja ukaridhika. Chukua kadhaa kutoka miti tofauti na pande tofauti za shamba, kwa sababu hata mti mmoja huzaa matunda yasiyolingana. Hapa matunda machache yatapotea, lakini ni bora kupoteza matunda kumi kuliko kukatwa fedha za mzigo mzima.

Kwa mkulima mmoja vifaa hivyo ni gharama. Kwa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, chenye wanachama mia moja, ni mchango mdogo. Kipimo kikiwa cha chama, dalali anayekuja msimu haujafika na noti mkononi atajibiwa kwa namba, si kwa maneno. Wenzetu wa Kenya wamekuwa wakifunga usafirishaji wa maparachichi kwa meli kuelekea mwisho wa mwaka, kwa lengo la kuzuia yasiyokomaa yasiharibu jina la nchi sokoni. Kufunga msimu kunasaidia, lakini ni panga butu: humfungia aliyekomaza na asiyekomaza kwa pamoja. Shamba lenye kipimo chake lina la kujieleza.

Mikataba nayo isomwe. Kabla ya kuvuna, mkulima aulize mambo manne: kiwango cha ukomavu kinachotakiwa ni kipi, nani atapima, wapi, na mali inakuwa ya nani baada ya kupimwa. Jibu la mwisho ndilo lenye fedha. Mkataba unaosema mali ni ya mkulima hadi ifike ng'ambo unampa hatari za baharini mtu ambaye hajawahi kupanda meli.

Kwa upande wa serikali, ipo kazi ya kufanywa kabla vifaa havijazagaa. Mizani ya sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kifaa cha sauti au cha mwanga kitakachotumika kupanga bei ya zao la mkulima nacho ni mizani, hata kama hakina sahani wala mawe. Ni busara kuamua mapema nani atakikagua, kwa jedwali la nani, na mkulima atakata rufaa wapi akiona kinamdanganya. Kuamua baadaye, vifaa vikiwa tayari mikononi mwa wanunuzi, kutakuwa kama ilivyokuwa kwa lumbesa: kupigana na mazoea.

Mfanyabiashara wa genge naye ana la kufanya bila kungoja mashine. Atenge matunda yake kwa siku za kuiva na kumwambia mteja: hili ni la leo, hili ni la keshokutwa. Mteja anayeambiwa ukweli hana sababu ya kubonyeza matunda kumi ili apate moja. Uaminifu wa muuzaji ni kipimo kisichoharibu tunda, na hakihitaji betri.

Sauti isiyosikika itakuja, ama mwanga usioonekana, ama vyote viwili. Vitamkuta mkulima katika hali moja kati ya mbili: akiwa na namba zake mwenyewe zilizoandikwa, au akiwa na neno lake tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo linaanza na mzani mdogo, kipande cha parachichi na kalamu.